Nani Atamkalia Nje Regitze?

Siku dada yangu alipofanywa waziri, Tovig nzima ilipandisha bendera moja tu, nayo ilikuwa ya Viggo Dam, mwenyekiti wa tawi la chama chao, ambaye hupandisha bendera hata mbwa wake akitimiza mwaka. Sisi wengine wote tuna milingoti uani. Bendera hupanda mtoto akizaliwa, akifaulu mtihani, mzee akirudi salama kutoka hospitali. Siku ile upepo ulikuwa mzuri kabisa, lakini milingoti ilisimama mitupu mtaa mzima, na wa kwangu ulikuwa mmojawapo.

Mimi ni Bodil, mdogo wake. Nina duka la mikate karibu na bandari, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuonja hali ilivyo. Watu wa Tovig hawatukani. Ukiwakosea hawakupigii kelele. Wanaingia, wananunua mkate wao mweusi, wanasema ahsante, wanazungumzia mvua, wanatoka. Niliomba mtu mmoja tu anitukanie dada yangu usoni pangu, nimrudishie la kwake, yaishe. Hakutokea hata mmoja. Niliona aibu mpaka nikawa nawafungia watu mikate bila kuinua macho.

Niseme jambo lenyewe lilivyokuwa. Serikali zetu karibu zote ni za wachache. Vyama viwili au vitatu vinashika wizara, lakini bungeni havitoshi, basi kila sheria wanaibembeleza kwa vyama vidogo vya pembeni, na kila siku wanahesabu vichwa. Ndiyo maana uko utaratibu ambao haumo katika katiba wala katika sheria yoyote. Mbunge wa upande mmoja akiugua, upande wa pili nao humtoa mmoja wao asipige kura, ili ugonjwa wa mtu usiangushe serikali. Sisi husema amemkalia nje. Hakuna anayetia saini. Wanadhimu wa pande mbili, wanaosimamia kura za vyama vyao, wanaambiana kwa mdomo, wako anaumwa, wangu atakaa nje, na limekwisha. Tangu enzi za babu zetu limekwenda hivyo, na watu waliochukiana maisha yao yote wamekaliana nje bila neno.

Mwaka ule Asger Thuesen alikuwa Waziri wa Uvuvi. Ni mtu wa hapa hapa Tovig, wa chama kingine, si cha dada yangu Regitze, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa upinzani. Kabla ya siasa alikuwa dalali wa mnada wa samaki, na sauti yake ilisikika mpaka kanisani. Regitze alipokuwa msichana alifanya kibarua kwake, kumwaga barafu kwenye makreti. Walipingana katika kila kitu na walipendana kweli. Basi Asger moyo ukamsumbua, akapelekwa hospitali ya Aalborg kupasuliwa, na mimi na Regitze tukaenda kumwona.

Alikuwa amelala na mipira puani, mweupe, lakini alipotuona macho yakacheka.

"Bodil mwanangu, umeniletea keki au umeniletea upinzani?"

"Nimeleta vyote viwili," nikamwambia. "Keki usile, daktari amekataza."

"Basi na upinzani nao asiuruhusu."

Regitze akakaa kitandani kwake kana kwamba yuko nyumbani. "Mzee, nani anakukalia nje?"

"Merete bado anatafuta." Merete Krabbe ndiye mnadhimu wa chama chao. "Watu wenu wote wanataka kuwepo siku za kura, watokee kwenye televisheni. Hakuna anayetaka kukosa bunge kwa ajili ya kizee cha samaki."

"Basi ni mimi."

"Wewe? Raskov atapasuka kwa hasira." Flemming Raskov ni kiongozi wa chama cha Regitze.

"Raskov si mama yangu. Umelala, nami nakaa nje mpaka utakapotoka humu. Ukishapona tutagombana kuhusu ghuba."

Alikuwa na maana ya ghuba yetu ya Lim. Wizara ya Asger ilitaka kufunga uvuaji wa kome upande wetu, eti nyavu zinakwangua sakafu ya bahari, na nusu ya Tovig inaishi kwa kome. Asger akatoa mkono wenye sindano, Regitze akaushika, wakatikisa polepole kwa ajili ya ile sindano.

"Usinichekeshe tu," akasema mzee. "Mshono utafumuka."

Njiani kurudi nilijivunia dada yangu. Nilimwambia hivyo garini, naye akaniambia niangalie barabara.

Haukupita muda, Raskov akaleta kura ya kutokuwa na imani na serikali. Sababu zilikuwa nyingi na ghuba ilikuwa mojawapo. Mwanzoni hakuna aliyeichukua kwa uzito, maana hesabu haikufika. Lakini jioni ya kuamkia siku ya kura, mbunge mmoja wa chama kidogo kilichoibeba serikali akatangaza kwamba yeye atabonyeza kitufe cha manjano, yaani hatakuwa huku wala kule. Hapo hesabu ikageuka. Regitze akikaa nje, kura zitakuwa sawa kwa sawa, na serikali kwetu haianguki kwa sare. Akiingia, imekwisha.

Asubuhi yake alikuwa jikoni kwangu anamenya viazi. Hakuwa na haja ya kwenda bungeni Kopenhagen, alikuwa amekaa nje. Simu yake ililia mpaka ikahama yenyewe kwenye meza. Ya mwisho, ya Raskov, akapokea, akasikiliza muda mrefu, akasema tu "ndiyo" na "naelewa". Kabla hajaiweka chini, Viggo Dam alikwishafika uani na gari lake, hakuzima hata injini.

"Twende," Viggo akasema mlangoni. "Ndege ya mchana tunaiwahi."

"Haendi popote," nikasema. "Amekaa nje kwa ajili ya Asger."

"Bodil, wewe oka mikate yako."

"Na wewe Viggo nenda kapandishe bendera."

Regitze alikuwa ananawa mikono. Alinawa polepole, kila kidole. "Bodil, wakifunga ghuba, hao akina Kresten na wanawe watakula nini? Utawauzia mkate kwa pesa ipi?"

"Ulimpa mkono."

"Nilimpa mkono mgonjwa. Sikuipa serikali."

"Mgonjwa ndiye serikali, Regitze! Ndiyo maana ulimpa!"

"Hakuna sheria inayokataza," Viggo akaingilia. "Tumeuliza. Hakuna hata mstari mmoja."

Nikamwuliza dada yangu Raskov amemwahidi nini. Akavaa koti. Nikamwuliza tena. Akasema, bila kunitazama, kwamba kwenye serikali mpya lazima awepo mtu anayeijua ghuba. Kisha akaniomba nimwekee chakula, huenda akarudi kesho. Sikumjibu, na viazi vyake nikavitupa vyote, vilivyomenywa na visivyomenywa.

Nilisikia kura redioni nikiwa dukani, na wateja walikuwa wamejaa. Kwanza zikasikika kelele bungeni, mtangazaji akasema kuna jambo, kuna mtu ameingia. Kisha ikasikika sauti ya Merete Krabbe bila kipaza sauti: "Huyu amekaa nje! Huyu amekaa nje!" Spika akagonga kengele, akasema kanuni za bunge hazijui mambo ya kukaa nje, mbunge aliye kitini anapiga kura. Na ni kweli, hazijui. Serikali ikaanguka kwa kura moja. Kresten mwenyewe, mvuvi wa kome, mtu ambaye kura ile ilikuwa kwa faida yake, aliweka sarafu kwenye meza na kuondoka bila kuchukua mkate wake.

Mama alikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee, juu ya kilima. Kila alasiri alicheza karata na Dagny, dada yake Asger, na siku ile walikuwa wanacheza huku wakisikiliza redio hiyo hiyo. Muuguzi alinieleza. Mama aliweka karata zake chini, zikiwa wazi, akaomba arudishwe chumbani. Tangu siku hiyo alikula chumbani peke yake, maana kwenye ukumbi wa chakula kiti chake kilikuwa kando ya Dagny. Dagny alimwendea mlangoni, akamwambia, "Ellinor, wewe hukupiga kura yoyote." Mama akamjibu, "Nilimzaa mimi."

Waziri mkuu akajiuzulu. Viongozi wa vyama wakapanda na kushuka ikulu ya malkia, kila mmoja akisema anamtaka nani, na mwishowe Raskov akapewa kazi ya kuunda serikali. Aliiunda, na ilikuwa ya wachache kuliko hata ile ya kwanza. Majina yalipotoka, Waziri wa Uvuvi alikuwa Regitze Gravholt.

Kwetu waziri anayetoka humkabidhi ofisi anayeingia mbele ya watu, kwa hotuba fupi yenye mzaha na zawadi ndogo. Jamaa wa waziri mpya hualikwa. Mama alikataa katakata, Regitze na mumewe walikwishaachana siku nyingi, basi nikaenda mimi. Nilisimama nyuma kabisa karibu na birika la kahawa, nikiomba Asger asiweze kuja. Alikuja. Suti ilimning'inia, na alishuka ngazi akishika ukuta.

Watu walisubiri amchane. Angemchana ningepata nafuu. Badala yake akasema ofisi ina dirisha zuri ila linavuja, katibu wake anakoroma mchana asiamshwe, na Tove, mke wake, amemtengenezea waziri mpya kopo la samaki wa siki, kwa sababu wiki ya kwanza hatapata muda wa kula. Watu wakacheka kidogo, wakatazama chini. Regitze akapokea kopo kwa mikono miwili. Halafu ikawa lazima wapeane mikono, wapiga picha walikuwa wanasubiri. Asger aliushika mkono wake muda mrefu.

"Una mkono wa baridi, binti," akamwambia kwa sauti ya chini. "Vaa vizuri."

Nilitoka kabla ya keki. Nililia kwenye choo cha wizara, na mhudumu akadhani ni furaha, akanipongeza.

Nyie mtasema angalau ghuba ilipona. Haikupona. Serikali ya Raskov ilibebwa na chama kimoja kidogo, na chama hicho hakikutaka kitu kingine ila ghuba ifungwe. Raskov akampigia Regitze simu, na majira ya kuchipua dada yangu mwenyewe, kwa mkono wake, akaifunga. Kiangazi Raskov akapangua baraza la mawaziri. Huyu akatolewa fedha akapelekwa elimu, yule akarudishwa nyumbani kwa kisingizio cha afya. Regitze akabaki palepale, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka Wizara ya Uvuvi baada ya ghuba. Viggo akaacha uenyekiti. Alisema ni mgongo.

Kilichomtesa zaidi dada yangu ni kile alichokivunja. Mawaziri wetu ni wabunge, wanapiga kura kama wengine, na waziri ana safari, ana mikutano Brussels, kwa hiyo anahitaji mtu wa upinzani wa kumkalia nje karibu kila wiki. Kwa mawaziri wengine wote watu walipatikana. Kwa Regitze hakupatikana hata mmoja. Merete Krabbe aliulizwa na waandishi kama ni kisasi. "Sisi hatujamkataza mtu," akajibu. "Nikiuliza nani atamkalia nje waziri wa uvuvi, wote wanatazama viatu vyao. Nifanyeje, niwavue?" Basi Brussels kwenye kiti cha nchi yetu akawa anakaa katibu wake, yule wa kukoroma, na Regitze akawa mfungwa wa bunge. Hata homa alikwenda nayo.

Vuli, mama akazidiwa. Daktari alinitoa nje ya chumba akaniambia nimwite wa kuitwa. Ilikuwa wiki ya bajeti. Nikampigia Regitze.

"Njoo nyumbani."

"Siwezi."

"Regitze, mama anakufa."

"Nimesikia! Nikitoka serikali inaanguka. Nimemwendea Merete mwenyewe, Bodil. Nimemsimamia mlangoni kama mwanafunzi. Amewauliza tena. Viatu."

"Iache ianguke, basi."

"Watu wote hawa ofisini, wizara nzima, wote waanguke kwa sababu yangu mara ya pili? Siwezi mara ya pili." Alikuwa analia, na mimi sikujua nimhurumie au nimkatie simu. Nilimhurumia. Ni dada yangu, nifanyeje.

Jumapili asubuhi nikaoka keki, nikaenda kwa Asger. Sikuwahi kugonga mlango ule tangu siku ya kura. Alikuwa amepona na kurudi bungeni, mbunge wa kawaida sasa, na mwisho wa wiki alikuwa nyumbani. Tove alifungua, akanitazama, akasimama hapo hapo mlangoni.

"Nani?" Asger akaita kutoka ndani.

"Mwoka mikate," Tove akasema.

"Si aingie! Unamsimamisha kwenye upepo na keki mkononi?"

Nikaingia. Alikuwa anakula yai. Nikaanza kusema kwamba nimekuja kuwasalimu tu, nilikuwa napita.

"Ungekuwa unapita usingekuja na keki," akasema. "Ellinor vipi?"

Nikamwambia alivyosema daktari. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, maneno yote mazuri, na sasa niliona aibu hata kuitazama meza yao. Nikasema, "Mzee, sina haki ya kuomba."

"Huna. Na mimi sijakusikia ukiomba." Akafuta mdomo. "Mwambie aje. Mimi nakaa nje."

"Asger!" Tove akasema. "Alikuua ukiwa kitandani!"

"Sijafa, si unaniona nakula? Na mimi simkalii Regitze nje. Namkalia Ellinor. Huyo mama yao amenipigia kura mimi kila uchaguzi, hata binti yake aliposimama. Hamkujua, eh? Muulizeni." Akavuta simu, akampigia Merete Krabbe hapo hapo. Sauti ya Merete ilitoka mpaka tukaisikia sote. Asger aliiweka simu mbali na sikio, akasubiri, akasema, "Umemaliza? Basi andika jina langu," akakata. Tove alinikatia kipande cha keki yangu mwenyewe na kunipa.

Regitze alifika kesho yake, siku yenyewe ya kura ya bajeti. Aliingia chumbani kwa mama na koti lake la Kopenhagen, akapiga magoti kando ya kitanda. Tangu ile siku ya redio mama hakuwa amekubali kuzungumza naye hata kwa simu. Mama akafungua macho.

"Umekuja."

"Nimekuja, mama."

"Nani kakukalia nje?"

Nilimwona dada yangu anatafuta jina lingine lolote. Hakulipata. "Asger," akasema.

Mama alifumba macho, machozi yakamtoka pembeni. Kisha akatoa mkono juu ya blanketi, akautafuta wa Regitze mpaka akaupata. "Basi kaa," akasema. "Kaa nami."

Hakuna kingine alichotakiwa kufanya dada yangu siku ile. Kiti kilikuwepo, mkono ulikuwepo, na bunge zima lilikuwa limempa ruhusa. Nikamwachia nafasi upande wa dirisha, nikakaa upande wa pili. Kwa muda tulikuwa vizuri, sisi watatu, na mimi nikaanza kufikiri kwamba labda ndivyo litakavyoisha.

Kisha simu yake ikatetemeka mfukoni. Aliiangalia. Ikatetemeka tena.

"Izime," nikasema.

"Ni Raskov. Kura wameileta mbele, wanapiga mchana huu."

"Na wewe inakuhusu nini? Umekaliwa nje."

"Anasema kuna mtu amemwona Asger kituo cha treni cha Kopenhagen asubuhi."

"Asger yuko Tovig. Jana alikuwa anakula yai mezani kwake!"

"Jana," akasema. Alikuwa amegeuka rangi. "Jana si leo, Bodil. Hata mimi asubuhi ile nilikuwa jikoni kwako namenya viazi."

Akaushika mkono wa mama, akauacha, akaushika tena. Alitazama mlango, akatazama saa ya ukutani. Kila mama alipovuta pumzi yeye alitazama simu. Nilimwona mtu anayemjua Asger tangu utotoni, anayejua kwamba mzee yule angekufa kabla ya kuvunja neno, na bado hawezi kuamini, kwa sababu anajua jinsi ilivyo rahisi. Unavaa koti tu, unapanda gari.

"Dakika moja," akasema.

"Regitze, kaa chini. Amekuomba ukae."

"Dakika moja tu!"

Akatoka kwenda koridoni. Mlango wa chumba kile una kioo, nilimwona amenipa mgongo, simu sikioni. Pumzi ya mama ikabadilika. Ilikuja, ikakaa mbali, ikaja tena. Nikaita jina la dada yangu. Akageuka, akaniinulia kidole kupitia kioo, nisubiri, akanigeuzia mgongo tena. Mama vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya blanketi upande wa dirisha, vikitafuta. Nilizunguka kitanda mbio nikavishika mimi. Sijui kama alijua ni mkono wa nani. Pumzi ikakaa mbali, na mara hii haikurudi.

Nilimfumba macho. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikulia. Nikaenda nikafungua mlango.

Regitze alikuwa anazungumza na mtu wao aliyekuwa bungeni, na sauti yake ilijaa korido. "Angalia vizuri, viti vya nyuma, nyuma kabisa! Mzee, mwembamba. Asger Thuesen, unamjua Asger Thuesen! Ameingia au hajaingia?"

Nyuma yake, hatua chache tu, Asger alikuwa amesimama. Alikuwa na suti yake ile ya kuning'inia, kofia kichwani, na maua yaliyofungwa kwa karatasi. Alikuwa amekuja kumuaga mama. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, lakini alikuwa amesikia ya kutosha, niliiona usoni kwake. Hakuwa na hasira. Alimtazama dada yangu vile unavyomtazama mtoto wa mtu aliyeanguka barabarani mbele za watu.

"Niko hapa, binti," akasema.

Regitze akageuka. Simu ilikuwa bado sikioni, na tuliisikia sote ikimjibu: "Hayupo, mheshimiwa waziri. Tumeangalia kote. Hayupo."

"Mama amefariki," nikasema.

Asger akavua kofia. Akasubiri kidogo ili Regitze atangulie, kama inavyostahili. Regitze hakusogea. Basi mzee akampita polepole, akashika mlango, akaingia kwa mama na maua yake. Dada yangu alibaki koridoni, simu mkononi, hakuthubutu kumfuata.